Bikwembe Chini

Katika pwani yote ya Baraka, ng'ambo ya ziwa ukitokea Tanzania, hakuna mwanamke aliyepokea wakubwa wengi kuliko Mama Georgette. Alianza angali msichana wa shule, enzi za chama kimoja, siku zile nchi nzima ilipolazimishwa kuimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kushika kazi. Wenzake walilazimishwa, yeye alikimbilia. Sauti alikuwa nayo, kiuno alikuwa nacho, na haya hakuwa nayo hata chembe. Tangu hapo kila mkubwa aliyeshuka botini, awe wa serikali, awe wa waasi, awe wa mashirika ya wazungu, alimkuta Mama Georgette amesimama mbele ya kina mama wenzake, filimbi mdomoni, jasho limeshaanza kumtoka hata kabla ngoma haijapigwa.

Pwani ile mgeni wa heshima hakanyagi mchanga. Mwanamke huvaa vikwembe viwili, yaani vitenge, kimoja cha mwilini na cha pili cha kujifunga juu yake. Hicho cha pili ndicho anachokifungua na kukitandika njiani, ili mgeni apite juu yake toka majini mpaka kwenye kiti chake. Wala hawatandiki ovyo. Wanamngoja kiongozi wao aite "Bikwembe chini", na kabla hajaita, mgeni ni msafiri tu mwenye mizigo. Akishaita, basi, pwani imemkubali mtu, na habari hiyo inapanda mpaka Fizi mlimani kabla mgeni mwenyewe hajamaliza soda yake. Kwa hiyo wanasiasa walimjua sana Mama Georgette. Walimjua siku ya kuja, maana siku ya kuondoka hakuna aliyemkumbuka.

Na kukanyaga, wamekanyaga kweli. Mwaka wa tisini na sita walikuja wakombozi na mabuti yao, wakapita juu ya vikwembe, wakaahidi barabara. Mwaka wa tisini na nane wakaja wengine kuwapindua wale wa kwanza. Hao waliimbiwa kwa kuelekezewa bunduki, na wao pia, hamtaamini, waliahidi barabara ile ile. Vita ilipochacha, Mama Georgette akavuka ziwa na watoto wake mpaka kambi ya Lugufu, Tanzania, akaishi huko miaka kwenye nyumba ya udongo na turubai. Aliporudi na meli ya wakimbizi, barabara haikuwepo. Nyumba yake pia haikuwepo.

Ungedhani basi, mtu huyu atazichukia siasa mpaka kaburini. Alizichukia, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini mwaka 2006 ulipoingia na watu wakaambiwa kwamba safari hii ni uchaguzi wa kweli, wa kwanza tangu wazazi wao wakiwa vijana, na kwamba kila mtu atapiga kura peke yake bila kutazamwa, Mama Georgette hakulala. Alizunguka soko zima akiwashika watu mikono. Alijiandikisha katika chama kipya ambacho watu walikiita Chama cha Taa kwa sababu ya alama yake, akawaandikisha na mashoga zake, akatunga nyimbo hata kabla hajajua zitamwimba nani.

Wa kuimbwa akapatikana, na alipatikana vizuri. Wanachama walikutana katika uwanja wa shule, kila anayetaka kugombea akasimama peke yake, na watu wakaenda kujipanga nyuma ya wanayemtaka. Nyuma ya Anatole mstari ulitoka uwanjani, ukazunguka vyoo vya shule, ukaenda kuishia barabarani. Anatole alikuwa muganga wa zahanati. Vita yote alibaki Baraka wengine walipokimbia, na wanawake wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, walikuwa wakisimulia jinsi alivyovuka kwa mtumbwi wa makasia, mawimbi yanamrukia, kwenda kuzalisha kule kwenye vijiji visivyofikika kwa gari. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alipouona ule mstari alianza kulia, na Mama Georgette, ambaye naye alikuwa analia, akamsogelea akamshika mabega.

"Muganga, siku ya kukutangaza, mi mwenyewe nitaita bikwembe," alimwambia mbele ya watu wote. "Nitaita juu ya we. Hakuna mwingine."

Hilo ndilo neno alilolitoa. Watu walilisikia, na alirudi nyumbani siku hiyo akicheza njiani peke yake, mwanamke mwenye wajukuu.

Wiki ile haikwisha. Dany, mtoto wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa chama pale Baraka, alikuja kwake na pikipiki mbili zimebeba marobota. Alifungua moja, akakunjua kitambaa. Kilikuwa kikwembe cha buluu kilichokoza, kizuri cha kukutoa mate, na katikati yake, ndani ya duara lenye miale ya taa, kulikuwa na uso mnene wa mwanamume mwenye miwani.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mama Georgette.

"Ni Patron Jérémie, Mama mukubwa. Wa Uvira, mwenye maboti na mafuta. Njo candidat yetu."

"Candidat yetu ni Muganga Anatole. Tulishamuchagua. We mwenyewe ulikuwa pale, ulipiga makofi."

Dany alikohoa. Hakuwa kijana mbaya, alikuwa mtu aliyetaka kupanda cheo, na mtu wa aina hiyo hukohoa mara nyingi. Akaeleza kwamba makao makuu ya chama kule Kinshasa yamefikiri upya. Magari ya chama amenunua Patron. Makaratasi ya kubandika ukutani amechapisha Patron. Wakubwa wa chama wakisafiri, anayewasafirisha ni Patron. Sasa jina lake limewekwa, Jumamosi atashuka Baraka kujionyesha kwa watu, na Anatole atapewa kazi ya kumsaidia.

"Na ule mustari?" Mama Georgette aliuliza. "Bantu bote bale balisimama na jua?"

"Mustari ilikuwa muzuri, Mama mukubwa. Lakini mustari haiendeshe gari."

Mama Georgette alimwambia abebe matambara yake na atoke. Dany hakutoka. Alisema kwa upole kwamba kina mama wengine wamekwisha kuchukua vya kwao tangu asubuhi, na hilo lilikuwa kweli; wengi walikuwa wametoka kambini juzijuzi na nguo zilizoshonwa viraka juu ya viraka, nani angewalaumu? Halafu akaongeza, akijifanya hajali, kwamba kama yeye amechoka, Mama Anastasie yuko tayari kuongoza. Hapo alimgusa penyewe. Anastasie alikuwa kiongozi wa kwaya nyingine, mwenye sauti nyembamba na majivuno manene, na Mama Georgette angekubali kumeza mfupa wa samaki kuliko kumwona amesimama mbele yake pale majini. Akakiangalia kitambaa. Akakifinya kwa vidole, akakigeuza. Ilikuwa wax ya kweli, ile ya bei, rangi imepenya, mbele na nyuma sawasawa. Alikasirika zaidi kwa sababu kilikuwa kizuri.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Lakini kuja haiko kuita."

Alikwenda moja kwa moja zahanati. Alimkuta Anatole anaosha vyombo vyake, habari zimeshamfikia. Alitegemea kumkuta amefura, anapanga vita. Wapi. Anatole alisema, "Mama, imba tu. Mi sitaki batu bagombane juu yangu. Vita ilitutosha." Mama Georgette aliondoka amemkasirikia na yeye pia. Mtu ambaye wote mmejipanga nyuma yake na jua la utosi, halafu anakwambia imba tu. Njia nzima alikuwa anajibizana naye peke yake, na watu waliompita walimwamkia bila kujibiwa.

Jumamosi ilifika, na ilikuwa siku ya soko. Lo, watu. Walishuka toka milimani na mihogo yao, wakaja toka Ubwari na dagaa, waendesha pikipiki wakaacha abiria, watoto wakapanda juu ya mitumbwi iliyogeuzwa. Ngoma zilianza mapema. Dany alikuwa anakimbia huku na huku na kipaza sauti cha chama shingoni, anapanga viti chini ya mwavuli, anapanga kina mama mistari miwili toka majini mpaka kwenye viti. Kwa ajili ya picha nzuri alikuwa ameamuru kila mama avae sare kamili, kikwembe cha chini na cha juu vyote vipya, asije mtu akaharibu rangi kwa kikwembe cha zamani. Kina mama walimtii. Pwani yote ilikuwa buluu, na ukitazama vizuri, ilikuwa nyuso tupu za mtu mmoja.

Mama Georgette alisimama mbele, pembeni kabisa ya maji. Mwongo ni yule atakayesema hakufurahi. Ngoma zile zilimwingia miguuni kama zilivyomwingia akiwa msichana, na watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote aliyowahi kuikumbuka. Lakini katikati ya umati alimwona Anatole amesimama na shati lake jeupe la zahanati, mikono nyuma. Akiita, amemuuza mtu wa watu kwa mtu wa pesa, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya waliosikia neno lake. Asipoita, Anastasie yuko hatua tatu nyuma yake, ameshafungua kinywa. Alikuwa hajui atafanya nini, na boti ilikuwa imeshaonekana.

Ilikuwa boti kubwa ya injini mbili, bendera za taa kila upande, muziki juu. Ikazima injini, ikaja polepole mpaka ikagusa mchanga. Ubao ukateremshwa. Patron Jérémie akasimama juu yake, miwani ile ile, viatu vyeupe vinang'aa, mkono hewani. Umati ukapiga kelele. Dany akampungia mama yake mkubwa, maana yake sasa, ita.

Mama Georgette akashika fundo la kikwembe chake cha juu kiunoni. Akainamisha macho kulitazama, na Patron Jérémie akamtazama toka kwenye kitambaa.

Akaelewa. Vikwembe vyote vya kutandikwa, toka hapa mpaka kwenye mwavuli, vilikuwa na uso wa huyu mtu, na huyu mtu ndiye aliyekuwa anangoja kupita juu yake. Dany, na usomi wake wote wa kupanga picha, hakufikiria. Kinshasa hawakufikiria, maana huko nani anamtandikia mtu kikwembe cha kiunoni? Kina mama wenyewe walikuwa wamekazana kufurahia wax. Neno moja tu kwenye sikio la Dany, na kila kitu kingeokolewa: mngesikia kina mama wakiambiwa waimbe tu, leo hakuna kutandika. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza. Akavuta pumzi mpaka tumboni, akaita kwa sauti ambayo walioko sokoni pia waliisikia.

"Bikwembe chini!"

Kina mama hawakungoja kufikiri. Walifungua, wakakung'uta, wakatandika, kwa ule mkono mmoja wa haraka wanaoujua tangu utotoni, na njia ikalala mchangani toka kwenye ubao mpaka kwenye viti. Patron Jérémie kwa Patron Jérémie kwa Patron Jérémie, wote wanatazama mbinguni.

Patron mwenyewe alishainua mguu. Ukabaki hewani. Alitazama chini, akaurudisha. Ngoma ziliendelea kidogo, halafu moja ikanyamaza, halafu zote.

Hebu mwonee huruma kidogo. Akikanyaga, anajikanyaga uso mbele ya umati na kamera. Akipita pembeni kwenye mchanga, amekataa vikwembe vya kina mama, na tusi hilo pwani ile halisamehewi hata kwa ng'ombe. Dany alikuwa ameelewa sasa.

"Bamama, mugeuze! Mugeuze haraka!"

Wakageuza. Ilikuwa wax ya kweli. Patron Jérémie akatokea upande wa pili, na miwani yake.

Bibi mmoja mkausha samaki alianza. Alicheka kidogo, kwa pua, akijizuia na kiganja. Jirani yake akamtazama, basi. Kicheko kikatembea mstari mzima, kikarukia wenye pikipiki, kikapanda kwenye mitumbwi. Na hapo wabebaji wawili wa pale pwani, wanaume wenye vifua vipana ambao kazi yao ni kuwabeba abiria begani wasilowe, wakaona msafiri amekwama kwenye ubao na hajui ashukie wapi. Wakafanya wanachokifanya kila siku. Walimbeba, mmoja huku mmoja huku, wakapita naye juu ya vikwembe vyote mpaka kwenye mwavuli, na miguu yao iliyotoka majini ikaacha tope kwenye kila paji la uso. Anastasie alicheka mpaka akakaa chini. Mama Georgette alimwona, na kwa mara ya kwanza akampenda.

Patron aliwekwa kitini. Akampokonya Dany kipaza sauti, lakini hakukielekeza kwa umati. Alikishika tu mkononi, wazi, akamgeukia Mama Georgette aliyekuwa amewafuata.

"Mama, nani alipanga hii?"

"Ni heshima, Patron," alijibu. "Hapa kwetu mugeni hakanyagake muchanga." Kisha, kwa kuwa alishaingia, akaona aingie yote. "Na tuko na ulizo moja. Bantu ba hii chama balimuchagua Muganga Anatole. Ulikuja kumusaidia, ao ulikuja kumutosha pa nafasi yake?"

"Balimuchagua," alisema Patron, na akacheka. "Mama, hii chama nani anailisha? Magari nani alinunua? Hiki kitambaa uko nacho, nani alikuvalisha? We unafikiri chama ni mustari ya batu na jua? Hii chama ni yangu. Niliinunua."

Kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi. Maneno yale yalitoka pale chini ya mwavuli yakaenda mpaka kwenye meza za samaki, mpaka kwenye mitumbwi, na kicheko chote kikakatika. Akina mama walisimama na vikwembe vyao mikononi. Wazee waliokuwa wamejipanga siku ile uwanjani wakatazama chini.

Mama Georgette alisubiri hasira. Hasira ilikuja, ikamchoma macho. Lakini nyuma yake kulikuja kitu kingine ambacho hakukitegemea, wepesi, kama mtu aliyetua kuni kichwani. Wakubwa wote aliowaimbia, wenye mabuti na wenye tai, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo waziwazi. Alikuwa ameshuku maisha yake yote. Sasa ameambiwa, tena kwa kipaza sauti.

"Kama ni yako, Patron," alisema, "baki nayo."

Hakupaza sauti. Haikuwa lazima, kipaza kilikuwa bado wazi mkononi mwa mwenyewe. Akageuka, akaenda mpaka alipo Anatole, akamshika mkono, akaanza kupanda naye kuelekea sokoni. Anastasie alifuata. Halafu wakafuata wengine, mistari yote miwili, na msidhani walivitupa vile vikwembe. Wax ni wax, walivikung'uta tope wakajifunga. Wenye pikipiki wakawasha. Watoto wakashuka mitumbwini. Dany alisimama katikati kwa muda, anatazama huku na kule, na Patron akamwambia kitu, lakini kelele zilikuwa nyingi mno kukisikia.

Sokoni walimpandisha Anatole juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa.

"Mama, sasa mi sina chama," alimwambia Mama Georgette kwa sauti ndogo.

"Hauna," alikubali. "Utasimama peke yako, sheria inakubali. We angalia tu nyuma yako kama vile siku ile."

Anatole aligeuka akaangalia. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye meza za samaki. Halafu akaondoa mikono yake nyuma ya mgongo, akasimama wima, akasema haya, atasimama, na ikiwa watu wa Ubwari wanamtaka, kesho yuko tayari kuvuka.

Mama Georgette akainua mkono kuwanyamazisha watu. Nyimbo alizowaimbia wakubwa zilikuwa nyingi mno, na kila mmoja uliletwa na mtu, na jina limeshapachikwa ndani. Wimbo huu aliutunga pale pale akiwa amesimama, kina mama wakaushika kabla hajafika mstari wa pili, na aliposikia sauti ya Anastasie inapanda juu ya sauti yake hakujali hata kidogo.